Kata!

Raya alitaka mtu
wa porini, mwenye kutu,
asiyejua kiatu,
wa kuchekesha mjini.

“Hadithi yangu ni hii:
mtu wa shamba, hajui,
gari aona ni chui,
ngazi za umeme, jini.”

Pemba chui hajatua,
nami hilo nalijua;
mdomo sikufungua,
nina deni la dukani.

Nilikuwa wa kubeba
taa, nyaya na mikoba,
na nikiapa kwa baba
nilizaliwa Shangani.

Tukavuka hadi Wete,
Konde, Ngezi, kote kote,
tukapima watu wote
hadi Ngwali wa nyukini.

Ngwali, mrina asali,
mnuka moshi wa mbali.
Akaona ndiye kweli,
mtu wake wa porini.

Nikashusha na kofia,
uso nikauzuia,
maana alinijua
tangu siku za chuoni.

Akauliza: “Malipo?”
Raya akajibu: “Yapo.”
“Wa kuchekwa, naye yupo?”
Tukainamia chini.

Melini nikatapika,
yeye halua kashika;
hadi Malindi twafika
imeishia tumboni.

Tukio: Ngwali potea
Kiponda, zunguka, lia,
kamera yafuatia
kutoka uchochoroni.

Akaenda. Akarudi.
Ikamshinda juhudi.
Akapotea Majidi,
mpiga picha wa fani!

Ngwali ndiye kamleta,
kwa harufu ya mafuta
na kivuli cha ukuta,
kama yuko msituni.

Pili, salimu sanamu
dukani, kama binamu.
Akaigusa kwa hamu,
akapatana thamani:

“Inauzwa? Nikiweka
mihogo haitatoka,
kima watatawanyika,
wasikanyage shambani.”

Raya kapiga kelele:
“Kata! Kata hapo! Kule
kata!” Na panga la kale
likatoka kiunoni.

Waya mkuu wa taa
ukalia cheche: paa!
na giza likatuvaa
hadi saluni jirani.

Kauliza kwa adabu:
“Na huu ulo karibu,
nikate, au ni tabu?
Mwafanya kazi gizani?”

Tatu, hoteli ya nyota
tano: aone matata
na uma, kisha kusita
mbele za watu mezani.

Ila pale pana chupa
ndogo, bei yatuchapa,
“Asali Msitu,” yaapa,
dola zake ishirini.

Ngwali akatia chanda,
akaonja, akaganda,
kicheko kikampanda
hata akakaa chini.

“Nyuki huyu ana duka!
Si ua alozunguka,
gunia limefunguka
la sukari bandarini!”

Wapishi wakatokea,
meneja akakohoa,
Majidi akachukua
sura zote za jikoni.

Akageuka: “We Bata!
Nyuki hawajakupata?
Siku ile ulifyata,
ukajitosa mtoni!”

Macho kwangu yakatua.
Shangani ikapungua,
Makangale ikakua
usoni na ulimini.

Raya, karatasi zake
kafutia jasho lake,
akasema: “Tuandike
upya. Mshamba ni nani?”

Sinema ikaja kwetu.
Shuka la mama, na watu
juu ya ndoo, viatu,
na watoto mperani.

Wakamcheka Majidi,
meneja kakosa budi,
nami, ndio, wakazidi:
“Bata!” toka mperani.

Kisha, bila ya kujali,
umeme, kama wa Ngwali,
ukakata; mwisho mbali,
tukabaki uwanjani.

Ngwali kasimama papo,
akamalizia hapo
yaliyopo na yasopo
kwa mdomo tu, gizani.

Raya yu juu ya mti,
auliza nyuki cheti;
chini, kiatu na shati
vya meneja; yu mtoni.

Raya, kwenye yake ndoo,
acheka, ashika koo,
machozi, kamasi, loo!
hakumbuki yu kazini.

Umeme ulipowaka
hakuna aliyetaka.
Tukapaza: “Kata, kaka!
Panga lipo kiunoni!”